Uso Wenye Pembe

Wachuka hakuigusa sarafu ile. Aliufungua mkebe wa ugoro wa marehemu mumewe, akauinamisha juu ya meza ya Harun, sarafu ikaanguka kwenye ubao kwa kishindo kizito, naye akaruka nyuma kama mtu aliyemwaga nyoka.

"Yeyusha hiyo kitu," akasema. "Leo leo."

Harun aliweka tupa chini. Alikuwa mfua fedha, mwana wa mfua fedha, na kuta za duka lake jembamba nyuma ya soko la Nyeri zilikuwa nyeusi kwa moshi wa baba na babu. Mama huyu wa Gatitu, muuza viazi na kabeji, alimjua tangu zamani. Pete yake ya ndoa ilitoka kwenye meza hii. Bangili za mama yake mzazi ziliyeyushwa hapa, zikawa vipuli vya binti yake Shiro.

"Salamu kwanza, Mama Shiro. Hata mgonjwa husalimiwa."

"Salamu baadaye. Angalia kichwa yake."

Harun aliinama. Ilikuwa fedha nene, haikuwa duara kamili, ukingo wake umepasuka kidogo kama chapati iliyokauka. Katikati palikuwa na uso wa kijana mwenye nywele za mawimbi, macho makubwa yakitazama juu, na kando ya sikio lake, imejipinda ndani ya nywele, pembe.

"Umeona?" Wachuka alinong'ona, kana kwamba uso ule ungesikia. "Iko na pembe. Bwana yangu Gatimu alipewa na Mgiriki mmoja alikuwa anamfanyia kazi kwa shamba la kahawa, zamani sana, huyo Mgiriki akirudi kwao. Mimi nikajua ni shilingi tu ya wazungu. Miaka yote hiyo nalala nayo kwa nyumba!"

Kisha akaeleza. Shiro alikuwa mjamzito, mwezi wa saba. Mimba mbili kabla ya hii zilikuwa zimeharibika, na ya pili nusura imchukue na Shiro mwenyewe. Hospitali hawakuona sababu. Alhamisi walikuja watu wa maombi, pamoja na mhubiri aitwaye Muriithi kutoka Kerugoya, mtu ambaye maneno yake hayaanguki chini.

"Akasimama katikati ya nyumba, akafunga macho, akasema: hapa kuna kitu iko na pembe, na hiyo ndiyo inakula watoto. Sisi tukaanza kutafuta mbuzi! Mbuzi hatuna, tuko na kondoo tu. Ndio nikakumbuka mkebe ya Gatimu. Nikafungua. Ai! Shiro akaanguka kwa kiti."

"Na mhubiri akasemaje?"

"Alisema ipite kwa moto mpaka ikose uso. Nikamwambia niko na fundi wangu, ni Mwislamu lakini ni mtu wa ukweli." Alimkazia macho. "Kuna wale walinuna, ati kwa nini nikuletee wewe. Nikawaambia Harun hayeyushi kitu ya mtu gizani. Tutakuja alasiri, mkitoka msikitini. Mimi, Shiro na mhubiri. Tuone ikiwa maji."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya duka, ya tangu babu: fedha ya mtu huingia motoni mbele ya macho yake, tena huingizwa kwa mkono wake mwenyewe. Fundi huwasha moto mwenye mali akiwa amekaa. Sheria hiyo ilikuwa imewavusha katika mji ambamo wao Waislamu walikuwa wachache, na ambamo mfua fedha yeyote, awe wa dini gani, huzaliwa akiwa mshukiwa.

Wachuka alipoondoka, Harun aliinua sarafu kwa vidole vya uzoefu. Haikumiminwa kwenye kalibu. Hilo aliliona mara moja. Ilipigwa. Mtu fulani aliweka kipande cha fedha cha moto kati ya vyuma viwili vilivyochongwa, akashusha nyundo, na fedha ikakimbilia kwenye mashimo ya chuma kama umati unaokimbilia mlango. Harun aliweza kuona njia ilizokimbilia. Upande wa pili mwanamke mwenye kofia ya vita ameketi, amebeba kimtu chenye mabawa kiganjani, na kando yake herufi asizozijua.

Akapiga picha pande zote mbili, akamtumia binti yake Raudha, aliyekuwa akisoma historia chuoni Nairobi. Kisha akaendelea kupiga tupa kipuli cha mteja, akakipiga tupa mpaka kikaharibika.

Raudha alipiga simu kabla ya adhuhuri.

"Baba, umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi kaa. Umeitoa wapi hiyo kitu? Nimeonyesha mwalimu wangu, karibu alie. Anasema hawezi kuapa kwa picha, lazima aishike, kuna za bandia mingi. Lakini kama ni ya kweli, iko na zaidi ya miaka elfu mbili. Ni ya mfalme anaitwa Lisimako."

"Huyu kijana ndiye Lisimako?"

"Hapana! Huyo ndio utamu wake. Huyo ni Aleksanda. Wewe si uliniambia madrasa walikuwa wanawafundisha Dhulkarnaini?"

Harun aliigeuza sarafu. Mwenye pembe mbili. Wapo wanaosema Iskandari, huyu Aleksanda, ndiye, wapo wanaokataa. Maalimu wake aliwachapa wote waliobishana.

"Aleksanda akikufa bila mrithi wa maana," Raudha aliendelea mbio, "majemadari wake waligawana nchi kama fisi. Lisimako alikuwa mlinzi wake tu. Akapata ufalme, lakini nani atamheshimu? Wengine wakaanza kuweka sura zao kwa pesa. Yeye akaweka sura ya bosi wake marehemu, halafu jina lake akaandika huko nyuma. Alijificha nyuma ya uso wa maiti, Baba. Na akafaulu!"

"Na pembe?"

"Ya mungu wa Misri, Amoni. Makuhani wake walimwambia Aleksanda ati yeye ni mtoto wa Amoni. Amoni alikuwa na pembe za kondoo."

"Mungu wa Misri," Harun alirudia polepole. Akamwona Wachuka akiyapokea maneno hayo. Misri ya Farao! Afadhali shetani wa kawaida.

"Huyo Lisimako mwenyewe hakuisha vizuri. Alimuua mtoto wake wa kumzaa, kwa maneno ya mke mdogo. Halafu uzee ukamkuta vitani, akauawa. Baba? Uko?"

"Niko."

"Unasema hivyo kama mtu ameshika moto."

"Raudha, wenyewe wanataka niiyeyushe. Leo."

Sauti ya binti yake ikaja ndogo, ya kitoto kabisa. "Baba, usiyeyushe. Tafadhali. Imepita kwa vita zote hizo. Isikuje kufia Nyeri, kwa mkono wako."

Harun alimpigia Wachuka. Akamwambia kwa uangalifu, kama anayetembea juu ya mayai, kwamba sarafu ni ya kale mno, kwamba wapo wasomi wangependa kuiona, kwamba huenda ikawa na thamani.

"Thamani gani inapita mtoto?" Wachuka akamkata. "Harun, usiniambie bei. Bei ya shetani siitaki. Na usiseme hivyo mbele ya watu, watasema imekushika. Tayari wanaongea."

Simu ikakatika. Nje ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, na wauzaji wa soko walikuwa wamejifunika kama vifurushi. Harun alijua mambo mawili, na yalisagana ndani yake kama mawe ya kinu. Akiiyeyusha, atakuwa ameua kitu ambacho hakuna fundi duniani atakizaa tena. Akikataa, mimba ile ikiharibika, Mungu aepushe, Gatitu nzima itasema: Mwislamu alificha mungu wa pembe dukani kwake, akala mjukuu wa Wachuka. Na duka la mbao halihitaji neno la pili ili liwake.

Ndipo wazo la tatu likaja. Lilikuja kwa upole, kama mgeni anayevua viatu mlangoni.

Alikuwa na vipande vyake vya fedha kwenye kikopo. Alichukua kiasi, akaviyeyusha, akakipiga kibonge kuwa duara nene, kikubwa kama sarafu. Hakikuwa na uso. Kikishakuwa chekundu ndani ya kibakuli cha kuyeyushia, nani atauliza uso? Watu wangeona fedha ikigeuka maji, wangeimba, wangekwenda zao na amani. Na sarafu ingebaki hai. Baadaye, siku moja, angetafuta namna ya kumrudishia Wachuka mali yake. Baadaye. Siku moja. Alijisikia akiyasema maneno hayo na akajua ni maneno ya mwizi.

Hata Lisimako, akajitetea, alifanya kazi kwa uso usio wake.

Alikwenda msikitini. Aliposujudu sarafu ilimchoma pajani kutoka mfukoni, na alipotoa salamu hakukumbuka alikuwa ameswali rakaa ngapi. Aliinuka akaswali tena. Mara ya pili pia hakukumbuka.

Alirudi dukani mbio, akatupa duara tupu kwenye kibakuli, akawasha gesi. Aliona afadhali fedha ianze kuiva kabla hawajafika; ikiwa nyekundu haiulizwi maswali. Mwali wa buluu ulinguruma. Kingo za duara zilianza kulegea.

Wakaingia. Wachuka mbele, kitambaa cheupe kichwani. Shiro nyuma yake, amejifunga leso mgongoni kwa maumivu, tumbo limetangulia, uso umekonda. Wa mwisho alikuwa Muriithi. Harun alitarajia mtu wa makelele. Aliyeingia alikuwa mrefu, mpole, koti lake limechakaa viwikoni, na macho yake yalikuwa na uchovu wa mtu anayeamini kila anachosema.

"Amani, fundi," akasema.

"Amani. Karibuni. Tayari imeanza kushika moto, kama mnavyoona."

Muriithi alinyanyua mkono, akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Shiro alifumba macho. Harun aliuelekeza mwali kwenye duara. Ni mpaka igeuke maji, alijiambia. Ikishageuka maji imekwisha.

Lakini Wachuka hakufumba macho. Alikuwa akitazama kibakuli, kisha akamtazama Harun, kisha kibakuli tena.

"Harun."

"Naam, Mama Shiro."

"Moto uliwasha saa ngapi?"

Maombi ya Muriithi yalisita.

"Wakati ya bangili za mama yangu," Wachuka alisema, "ulinifanya nikae kwa hicho kiti. Nilikuwa na haraka, nimeacha viazi kwa jua. Nikakwambia anza tu, fundi. Ukakataa. Ukasema hata kiberiti hugusi mpaka mwenyewe aweke kwa mkono wake. Ulinikasirisha mpaka nikakuita jina mbaya. Ndio maana nikakuamini." Akakionyesha kibakuli kwa kidole. "Leo umeanza bila sisi. Kwa nini?"

Harun alifunga gesi. Mwali ulikufa kwa mlio wa pumzi, na ndani ya duka kukasikika mvua nyepesi ikianza kwenye mabati. Alikuwa na uwongo mwingi ulimini, umejipanga, na wote ulikuwa mzuri. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka sarafu mezani.

"Iliyo motoni ni fedha yangu," akasema. "Yenu ni hii."

"Yesu!" Shiro alishika tumbo.

"Mnaona?" Muriithi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Haijamaliza siku moja kwake, na tayari imemfundisha kudanganya. Mtu wa ukweli. Mama, si ulisema ni mtu wa ukweli?"

Wachuka alimgeukia Harun. "Ungenidanganya, Harun. Mbele ya mtoto wangu."

"Ningekudanganya," Harun alisema, "na siri hiyo ningekufa nayo. Niliogopa. Hii kitu ni kazi ya mkono wa mtu, Mama Shiro. Fundi kama mimi. Nikiitazama naona nyundo yake. Sikuweza."

"Iweke kwa moto sasa," Muriithi akasema. "Mbele yetu. Usipoweza, nipe koleo."

Akanyoosha mkono. Lakini mkono wa Shiro ulikuwa umefika kwanza. Aliichukua sarafu kwa vidole vitupu, mama yake akapiga ukemi, "Wee Shiro! Achilia!" Shiro hakuachilia. Aliipeleka mlangoni kwenye mwangaza, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho kama mtu anayetafuta kupe sikioni mwa mnyama.

"Ni baridi tu," akasema. "Baba alikuwa ananiwekea hii kwa mkono nikiwa na homa. Nilikuwa nimesahau." Kisha: "Mum, kuja uone. Mbuzi iko na pembe ya kurudi hivi?"

"Sitaki kuona."

"Pembe ya mbuzi inaenda juu, inaenda nyuma. Hii imezunguka sikio. Imejikunja. Mum, si ni kama ile dume yetu? Ile ilikuangusha kwa mtaro?"

"Ilinisukuma, haikuniangusha," Wachuka alisema kwa hasira, na miguu yake ikamsogeza bila ruhusa. Alitazama. Alitazama muda mrefu, kwa jicho la mwanamke aliyechunga kondoo kabla hajajua kusoma. "Ni ndurume," akasema hatimaye. "Kondoo dume. Kabisa."

"Pembe ni pembe," alisema Muriithi.

Shiro akamgeukia. Alikuwa mwoga tangu mimba ya pili, watu wote walijua. Alizungumza kwa kunong'ona hata sokoni. Lakini sasa alizungumza. "Mhubiri, si ni wewe Jumapili ulituambia juu ya Abrahamu? Kisu iko juu, kijana amefungwa. Mungu akaleta nini? Ulituuliza, tukajibu kanisa nzima. Akaleta nini?"

Muriithi alishusha mkono aliokuwa ameunyoosha.

"Kondoo dume," Shiro alisema, "amenaswa na pembe kwa kichaka. Ndio mtoto asichinjwe. Sasa hii pembe ndiyo imekula watoto wangu?"

Harun alitazama sakafu. Aliikumbuka Misri, akamkumbuka yule mungu wa uwongo, akamkumbuka mfalme mzee aliyemwangamiza mwanawe, akauma ulimi. Kila Idi kubwa alichinja kwa kumbukumbu ya kondoo yuleyule. Hakuthubutu kusema hata hilo.

"Usicheze na Neno, binti," Muriithi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Mimi nilioneshwa. Sikujitafutia. Mkiibakiza hiyo, mimi nimenawa mikono. Mtoto akipata shida, msiniite." Akatoka kwenye mvua bila kufunika kichwa.

Wachuka alisimama katikati ya duka, mkebe mkononi, akimtazama binti yake, akitazama mlango, akitazama tumbo lile. Kama angeweza kuwa motoni yeye badala ya fedha, angeingia. Mwishowe akaushika mkebe wazi. Shiro akaitumbukiza sarafu. Kifuniko kikalia.

"Twende nyumbani," Wachuka akasema. Hakumuaga Harun.

Basi zikaanza siku ambazo Harun hakuzitakia adui yake. Wateja wa Gatitu walipita wakiangalia upande wa pili. Mtu alichora pembe kwa makaa kwenye mlango wake; akaifuta, ikachorwa tena. Raudha alimwambia, "Baba, umeiokoa," naye akajibu, "Nimeiokoa, lakini mimi sijaokoka." Alijikuta akimwombea mtoto wa watu kuliko alivyowahi kujiombea mwenyewe, na hakujua ni kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya duka. Hilo nalo lilimnyima usingizi. Lile duara la fedha, nusu limeyeyuka, lilikuwa limegandia kwenye kibakuli. Alilibandua, akalitupa kwenye droo, na hakulitumia.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshika mji siku kivuli kilipojaa mlangoni. Shiro aliingia, amenenepa mashavu, mgongoni amefungwa kifurushi cha mablanketi ya sufu. Nje, chini ya mwavuli wa muuza ndizi, Wachuka alijifanya anasoma simu.

Harun alisimama.

"Anaitwa Nyawira," alisema Shiro. "Jina ya mama mkwe. Alikuja mapema, akakaa kwa kile kitanda cha kioo mpaka tukachoka kulia. Sasa anakula kama askari. Muone."

Harun aliona pua ndogo na ngumi. "Alhamdulillahi," akasema.

"Sasa fundi," Shiro alitoa mkebe, "nataka utoboe hii. Hapa juu, katikati ya pembe na nywele. Niweke kamba, nimwekee. Akiwa mkubwa nimwambie ni ya guka yake, baba yangu."

"Kutoboa?" Harun aliufunika mkebe kwa kiganja. Iliponea wafalme, ikaponea moto, sasa msumari! "La, la, la. Mama Nyawira, nisikilize. Shimo hapana. Nitaitengenezea pete ya kuizunguka, na kikonyo juu cha kupitisha kamba. Itaning'inia bila kidonda."

"Huyu wa kwa sarafu ni nani hata?" Shiro akauliza.

Harun alifikiri. Tayari alikuwa amemdanganya mama huyu mara moja. "Ni mfalme anaitwa Aleksanda. Aliyepiga hii fedha ni mwingine, Lisimako, alikuwa mtumishi wake. Na pembe, nikwambie ukweli, ni ya mungu wa watu wa Misri."

"Misri?" Sauti ilitoka nje, chini ya mwavuli. Kumbe masikio yalikuwa ndani muda wote. Wachuka alijongea mlangoni, akamtazama Harun kwa jicho kali, kisha akamtazama mjukuu. "Sawa. Hata Yesu alifichwa Misri akiwa mtoto. Fedha ya hiyo pete utatoa wapi?"

Harun alifungua droo, akaweka mezani lile duara lililopondeka. Wote watatu walilijua.

Wachuka alivuta kiti kilekile, akaketi, akaweka mfuko wake magotini. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua duara, akalitia mwenyewe kwenye kibakuli.

"Haya," akasema. "Sasa washa."